Tonge la Zuhura

Ugonjwa huu niliugua mara mbili. Mara ya kwanza niliumwa nikakaribia kuaga dunia. Mara ya pili sikuumwa hata ukucha. Nilikula nikashiba, nililala nikakoroma, na hiyo ya pili ndiyo iliyonitesa zaidi. Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa juzi au jana na watu wa maabara kwamba umepona lakini hujapona, ukarudi nyumbani umeshika kichwa. Kaa kitako. Mimi nimepita huko, na nimetoka ninacheka.

Jina langu ni Mwanaisha, au Mama Zuhura, wa Munje, na kazi yangu ni kupika. Sisemi kupika kwa chungu cha nyumbani tu. Ukiwa na harusi, hitima au maulidi, kuanzia Msambweni mpaka ndani huko Kikoneni, utanitafuta mimi na masufuria yangu, na nikishakukubalia, lala usingizi. Sijisifu, nasema yaliyopo. Mume wangu Rashidi husema kwamba alinioa kwa sababu ya pilau, sura akaipata kama nyongeza. Nami humjibu kwamba mimi kwake sikupata hata hiyo nyongeza. Ndivyo tunavyoishi.

Homa ilianza masika, kama mchezo. Jioni mwili wawaka, asubuhi wapoa, na kichwa kinagonga kama kuna mtu anatwanga ndani yake. Nikasema malaria, nikameza dawa za dukani, homa ikanicheka. Nikaenda kwa daktari. Akaniuliza, "Unaendeleaje, mama?" Nikamjibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Kwetu mtu akiulizwa hali hushukuru kwanza, hata kama ameletwa juu ya machela. Maradhi huja baadaye, mkishaulizana habari za watoto na za mvua. Daktari yule hakuingoja hiyo baadaye. Alinipa vidonge vya maumivu nikaondoka, na nilipokwenda tena ikawa hivyo hivyo.

Mara ya tatu Rashidi alinisindikiza. Nilipofungua mdomo nimshukuru Mungu, akaniziba kwa kiganja.

"Daktari, usimsikilize huyu," akasema. "Huyu hata akifa atakwambia hajambo. Hajala tangu Ijumaa, na usiku anaongea na mama yake aliyekufa."

Ndipo wakanitoa damu, na ndipo nikasikia jina la homa ya matumbo. Basi ushauri wangu wa kwanza kwako ni huu: Mungu anajua kwamba unamshukuru. Daktari mwambie unapoumwa.

Nililazwa. Mengi ya wodini siyakumbuki, na ninayoyakumbuka ni madogo madogo. Nakumbuka mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa akinipepea kwa kipande cha boksi, mkono wake ukichoka anabadilisha mwingine, na hakuwa ananijua. Nakumbuka wifi yangu Mejumaa, dada yake Rashidi, akija kila asubuhi kuniogesha na kunigeuza kama mtoto mchanga, huku akinitukana kwa kukonda. Mejumaa ana ulimi wa pilipili na mikono ya asali, na mimi nilivipokea vyote viwili.

Niliporudi nyumbani nilikuwa mtu mwingine. Kanga iliyokuwa ikinizunguka mara moja sasa ilinizunguka mara mbili ikabaki. Nywele zilitoka kwa kuchana tu, zikawa zinanifuata menoni mwa kitana. Ngozi ya viganja ilibambuka. Rashidi alijifunza kupika uji, akauunguza, akauunguza tena, na mimi niliunywa wote kwa sababu nilikuwa hai na uji wa kuungua ni dalili mojawapo ya uhai. Kufikia kipupwe, mvua zimekwisha na kusi inapiga, nilikuwa nimerudi kwenye masufuria yangu.

Hapo ndipo walipokuja watafiti. Walikuwa wakifuatilia vijidudu vinavyosafiri ndani ya chakula. Walichota maji ya visima vyetu, wakapangusa mbao za kukatia samaki, wakanunua kachumbari kwa wachoma mishikaki wakaitia kwenye chupa badala ya kuila. Kisha wakawatafuta wote walioumwa homa ya matumbo masika ile. Walipojua kwamba mmoja wao anapikia watu, hawakungoja kesho.

Waliyemtuma kwangu ni Nafula, msichana wa Bungoma, mwembamba, viatu vya raba, uso wa kucheka. Alisimama kizingitini, hakupiga hodi, hakutoa shikamoo.

"Mama," akasema, "choo yako iko aje siku hizi?"

Rashidi alikuwa akinywa chai. Ilimpalia mpaka nikampiga mgongoni.

"Mwanangu," nikamwambia yule msichana, "toka nje, kisha uingie tena."

Alitoka. Akapiga hodi, nikamkaribisha. Nikamfundisha shikamoo, nikampa marahaba yake, nikamuuliza habari za wazazi na za mahindi ya kwao, nikamwekea chai na mahamri, akala matatu. Alipofuta midomo nikamwambia, "Sasa niulize hilo la choo." Tukacheka sote watatu, na tangu siku hiyo Nafula akawa mtu wa nyumbani.

Alieleza kwamba wako watu wanaopona homa ile lakini vijidudu vyake vinabaki mwilini kimya. Ili kujua, alihitaji choo changu, na cha kila anayekula chungu kimoja nami, akiwemo Mejumaa, ambaye nyumba yake na yetu zinatazamana uani. Akatuachia vikopo vidogo vya kufunga kwa kuzungusha, na vipande vya barafu. Tupeleke hospitalini asubuhi, mapema, kikiwa baridi.

Sasa niambie, mwanamke mzima, mpishi, apite barabarani na kitu kile mkononi? Kwetu kitu cha kupelekea watu hakitembei wazi. Barafu niliiona ya nini, nikaiacha. Nilikitia kikopo ndani ya kikapu, nikakifunika kwa kitambaa changu cha kutarizi, na juu nikaweka kawa langu la shughuli, lile la ukindu lenye nyekundu na zambarau. Nikatoka nimenyoosha shingo.

Kwenye benchi la kungojea nilimkuta Mzee Hamisi, ambaye tangu nianze kazi hii hajakosa shughuli hata moja niliyoipikia. Alikuja kupima presha. Macho yake yaliliangukia kawa, yakakaa hapo.

"Shikamoo, mzee wangu," nikasema.

"Marahaba. Alhamdulillahi. Leo umetuletea nini, Mama Zuhura?"

"Si kitu, mzee."

"Kawa hilo nalijua. Chini ya kawa hilo hakujakosekana kitu hata siku moja." Akasogea. Akakunja mkono wa kanzu. "Bismillahi..."

"Mzee Hamisi, hicho hakiliwi!" nikapiga ukelele, benchi zima likageuka.

Mejumaa alikuwa kando yangu, kikopo chake amekificha mkobani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akawaeleza wote waliokuwapo ni kitu gani hicho kisicholiwa, kwa sauti, asije mtu akabaki na njaa ya kujua. Mzee Hamisi alinyanyuka taratibu akaenda kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Na mambo hayakuishia hapo. Nafula alipofunua alishika kikopo akakiachia.

"Mama, hii imeiva," akasema.

Chakula hufunikwa kawa kisipoe, na hiki wao walikitaka baridi. Nikaambiwa nirudi kesho na kingine, pamoja na barafu yake.

Siku ya majibu tulikwenda mimi na Rashidi. Nafula alitupokea kwa shikamoo mbili, akatuuliza tumeamkaje, akauliza nazi zinazaa vipi, akauliza hali ya kuku wangu. Alipofika kwenye kuku nikajua mambo si mazuri.

"Mama, wenzako wote wako safi, lakini wewe vile vijidudu bado viko ndani yako," akasema mwishowe. "Vimejificha kwa nyongo. Wewe huskii kitu, lakini vinatoka na choo. Siku moja sabuni ikikosekana kidogo tu, vinaingia kwa chakula ya watu."

"Mimi nilijua miaka yote hii kwamba ana kitu nyongoni," Rashidi akasema. "Sikujua kina jina."

Nilicheka kwa mazoea, kisha nikalia. Nafula alinishika mkono. Nilimuuliza ni nani niliyemwambukiza. Akasema hakuna anayeweza kulijua hilo, na baadhi ya visima navyo vilikuwa na vijidudu vya namna ile ile, nisijibebeshe kijiji kizima. Nitakunywa dawa mwezi mzima. Baadaye nitapimwa mara tatu, mwezi baada ya mwezi, na vipimo vyote vitatu vikitoka safi, nimemaliza. Mpaka siku hiyo nisipikie watu.

Hapo nikamfikiria Zuhura.

Zuhura ni mwanangu wa pekee. Alikuwa ameposwa na Salimu, mwalimu wa Jego, kule kusini karibu na Vanga, na harusi ilipangwa Shaabani, kabla ya mfungo. Na sisi nyumbani kwetu tuna jambo moja. Bibi harusi havuki kizingiti kwenda kwa mumewe mpaka mama yake amemlisha tonge, kwa mkono wake, la chakula alichokipika yeye. Bibi yangu alimlisha mama yangu. Mama yangu alinilisha mimi, wali wa nazi na papa wa kukaanga, na mpaka leo nikifumba macho ninausikia utamu wake. Watu wengine hurithisha dhahabu. Sisi tuna tonge tu, na mimi nilikuwa nimelingojea langu tangu Zuhura aanze kuota meno.

Nilihesabu miezi kwa vidole mbele ya Nafula. Kipimo cha tatu kilikuwa kinaangukia harusini penyewe, na majibu baada yake.

"Nikinawa je?" nikamuuliza. "Sabuni, maji ya moto, nisugue mpaka kwenye kiwiko?"

"Ukinawa vizuri hatari inakuwa kidogo sana," akasema. "Lakini siwezi kukudanganya nikuambie hakuna."

Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa siku ile nilitamani angenidanganya.

Habari ilifika kijijini kabla yangu. Harusi mbili zilinikimbia, sikuzilaumu. Kilichoniuma ni Mejumaa. Aliwakataza wajukuu wake kuja kwetu kula, akaanza kupika chungu chake peke yake, na jioni tulikuwa tukitazamana uani kila mmoja na moshi wake. Nilivumilia, kisha siku moja nikavuka.

"Wifi, uliniogesha nikiwa nanuka," nikamwambia. "Leo sinuki, waniogopa?"

"Sikuogopi wewe," akajibu, na machozi yakamlengalenga. "Naiogopa nyongo yako. Wale watoto mama yao kaniachia mimi, wakipata homa ile nitamwambia nini?"

Mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo. Tulikaa kizingitini pake, hatukula pamoja, lakini tuliteta watu mpaka magharibi, ikawa afadhali. Ukiwa na ugonjwa huu, watu watakukimbia. Waache wakimbie kidogo, kisha uwafuate polepole.

Wakwe tuliwaambia pia. Zuhura ndiye aliyeng'ang'ania, alisema hataki kuingia nyumba ya watu na siri begani. Salimu alilipokea vizuri. Mama yake, Bi Tima, aliguna tu, na mguno huo ulikaa kifuani mwangu miezi yote iliyofuata.

Dawa zilianza na vuli. Mdomo wangu ukawa kama nimelamba msumari, wali ukakosa ladha, visigino vikawa vinauma nikiamka, na maziwa nikakatazwa nisiyanywe pamoja na vidonge. Kuna siku nilitaka kuacha. Naumwa nini mimi hata nimeze vidonge hivi? Lakini Rashidi alikuwa akisimama mbele yangu na glasi ya maji mpaka nimeze, kisha ananiambia, "Panua mdomo nione," kama namlea yeye au yeye ananilea mimi, sijui. Na alipika. Uji ukaacha kuungua. Mchicha wake ukawa na nazi ya kutosha. Siku aliyoleta samaki wa kupaka, akanitazama nikila bila kupumua, nilimwambia ukweli kwamba ni mtamu, akatoka nje akaenda kumwambia jirani.

Katikati ya mwezi ule Nafula alinichukua nikaione maabara, nisiendelee kuiota vibaya. Nilidhani nitaona mitambo. Niliona jiko! Kulikuwa na supu inapikwa kwenye chupa, kulikuwa na kabati la joto la kuumushia, kulikuwa na kijana anamimina kwenye visahani kitu cha kuganda ambacho, aliponieleza, hutokana na mwani. Ndani ya kisahani kimoja vijidudu vilikuwa vimeota vitone vitone, kama mbegu za pilipili hoho.

"Hivi ndivyo vyangu?" nikauliza.

"Vya mtu mwingine. Vyako tulivichunguza tayari," Nafula akasema. "Vinapenda nyongo, mama. Tukitaka vinone, tunavipikia supu yenye nyongo."

"Basi hamjui kupika," nikamwambia. "Mgeni mbaya anapikiwa anachokipenda?"

Kijana wa visahani alicheka mpaka akamwaga. Nilirudi nyumbani mwepesi. Nilikuwa nimewaona adui zangu, na hawakunizidi ukubwa.

Kipimo cha kwanza kilitoka safi, maembe yakianza kuanguka. Cha pili kilitoka safi pia, maembe yakiisha. Kila mara nilikaa kwenye benchi lile lile, barafu yangu kwenye mfuko wa khaki kama watu wengine, na Mzee Hamisi akiniona ananisalimu kwa mbali. Kikopo cha tatu nilikipeleka wiki ya harusi. Kisha nikaenda kuozesha.

Nani atapika? Nilidhani tutaajiri mpishi wa Ukunda. Siku tatu kabla, Mejumaa alivuka uani ameshika mwiko.

"Mimi nitakuwa mikono," akasema. "Wewe uwe kichwa. Ila usinifokee."

Nilimfokea tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Nilikaa kwenye kiti upande wa upepo, mikono nimeifunga ndani ya kanga, na kila kitu nilikifanya kwa pua na masikio.

"Vitunguu, wifi! Vitunguu vinageuka!"

"Naviona!"

"Huvioni, unavitazama. Geuza. Sasa sikiliza sufuria."

"Sufuria hainenei, Mwanaisha!"

"Yasema maji yamekwisha. Palia makaa juu, upesi!"

Alinitukana mimi, akaitukana sufuria, akamtukana kaka yake aliyenioa. Na lile pilau lilitoka, wallahi, punje moja moja, harufu ikavuka barabara. Mzee Hamisi alikula mpaka akaegemea ukuta, kisha akasema kwa sauti, "Mama Zuhura, mkono wako haujapotea!" Mejumaa alisimama na mwiko wake, hajui acheke au amtandike. Mimi niliona furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu masika. Lakini niliona pia, kwenye mkeka wa wakwe, Bi Tima akimnong'oneza mtu, anauliza nani kapika. Alipojibiwa kwamba ni Mejumaa, ndipo akanawa mikono.

Saa ya kutoa mwari ikafika. Zuhura alisimama ndani ya mlango, hina mpaka viwikoni, na wanawake wakajaa chumbani. Mejumaa akaleta sahani. Ulikuwa wali wa nazi na papa wa kukaanga, ameupika kando, hakuniambia.

"Mlishe," akasema. Na huyu ndiye aliyewaficha wajukuu. "Nawa, usugue, umlishe. Mwana hatoki bila tonge, wifi yangu. Mara moja tu."

Wanawake wakaitikia. Mara moja tu. Chakula cha harusi hakina ugonjwa. Bismillahi. Zuhura akanitazama, akafungua mdomo.

Nililitaka tonge lile kuliko nilivyotaka kupona. Lakini mimi niliijua ile homa, niliijua kwa kitana kilichojaa nywele na kwa mama yangu marehemu aliyekaa ukingoni mwa kitanda changu. Nikairudisha mikono mgongoni.

"Sijapata majibu," nikasema. "Sikulishi, mwanangu. Nisamehe."

Zuhura alifunga mdomo. Nilidhani atalia, wanja umharibikie. Kisha akanisogelea mpaka mapaji ya nyuso zetu yakagusana.

"Basi nakwenda na njaa yangu, mama," akasema. "Utanikuta nayo."

Akavuka kizingiti. Vigelegele vikapigwa, na mimi nilipiga pia, nikilia, na sioni aibu kusema kwamba nililia siku mbili.

Nafula alipiga simu Ramadhani imeandama. "Shikamoo mama. Habari ya saumu? Baba hajambo? Na kuku..."

"Nafula!" nikapiga kelele. "Niambie la choo!"

"Safi, mama. Safi kabisa. Umemaliza."

Niliiweka simu chini nikanawa mikono, sijui kwa nini, nikainuka nikaenda uani nikawaita wajukuu wa Mejumaa wote waje wafuturu kwangu. Mejumaa aliwaleta mwenyewe.

Wiki ile ile tulikwenda Jego, mimi, Rashidi na Mejumaa, na nazi zangu, mchele wangu na papa wangu. Bi Tima alitupokea vizuri, akatuandalia mkeka. Nikamwomba jiko lake. Aliduwaa. Mkwe kuingia jikoni kwa mkwe wake, tena siku ya kwanza?

"Mgeni siku mbili, Mama Zuhura," akasema. "Jembe la siku ya tatu."

"Mimi jembe nimekuja nalo," nikamjibu. "Majibu yametoka safi, Bi Tima. Nimekuja kumlisha mwanangu."

Aliguna, mguno ule ule, na akanionyesha lilipo jiko. Hakuingia nami. Alikaa nje kwenye kibao, anapepeta choroko ambazo zilikuwa safi tangu mwanzo, na alinitazama nikinawa kwa sabuni, nikikuna nazi, nikichuja tui. Miezi yote nilikuwa nimeonja kwa macho. Leo mikono yangu ilikuwa huru, na ulimi wangu ulikuwa kwenye saumu. Chumvi niliitia kwa kukisia, nikimwomba Mungu.

Adhana ya magharibi ikatoka. Tulianza na tende na maji. Kisha nikamega wali, nikaweka papa juu yake, nikaufinya kwa vidole vyangu mpaka ukashikana. Zuhura alikuwa amekaa mbele yangu, mdomo wazi, macho yamejaa. Nikamlisha.

Alitafuna polepole. Machozi yalimshuka, na hakuyafuta.

"Chumvi?" nikamuuliza, maana mpishi ni mpishi.

"Imezidi kidogo," akasema, akaanza kucheka, tukacheka wote, Rashidi kwa sauti kuliko wote.

Bi Tima hakucheka. Aliweka kikombe chake chini, akajikokota juu ya mkeka mpaka goti lake likagusa langu.

"Hebu nihakikishe mwenyewe," akasema, akafungua mdomo.

Nikamega tonge jingine.